Mahindi Yaliyovuka Mstari

3 Februari

Mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Kwanza salamu. Hujambo? Wifi yangu hajambo, na wale mabinti wawili? Huku tunasukuma siku. Goti la kushoto limegoma, la kulia linafanya kazi ya mawili. Chumba cha nyuma kinavuja, nimetega sufuria, sasa mvua ikinyesha nasikia kama kuna mtu anapika.

Anayeandika ni fundi, yule mama mshona magunia wa ghalani, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwambia asininyooshee maneno, aandike kama yanavyotoka. Ananikata jicho. Anasema yakiandikwa kama yanavyotoka wino utaisha. Haya fundi, andika na hilo.

Ningekupigia simu, lakini simu yako siku hizi anapokea katibu, ananiita "mama mpendwa" halafu ananiambia uko kikaoni. Barua haina kikao.

Sasa, unaukumbuka mstari? Ule mwekundu pale ghalani, kwenye saruji, hatua nne kutoka mlangoni. Lori likishusha, gunia moja mawili hupasuka, mahindi yanamwagika. Yakibaki ndani ya mstari ni ya ghala. Yakivuka ni ya wanawake wa ufagio. Hakuna aliyeandika hilo mahali popote. Mama alilikuta hivyo, akaniachia mimi pamoja na ufagio. Tuko kumi na mmoja. Tunafagia, tunapepeta, tunachambua mawe. Na wewe umechambua mawe pale ukiwa kibogoyo wa miaka sita, unayapanga kwenye foleni unasema ni malori. Umekula hayo mahindi, umevaa hayo, umesoma kwa hayo. Sikusimangi. Nakumbusha tu ili tujue tunaongea nini.

Wiki iliyopita tumekuta karatasi getini. Bawabu akatusomea huku anakohoakohoa kwa aibu: kuanzia sasa mahindi yote ni mali ya ghala, ndani ya mstari, nje ya mstari, na atakayeonekana na ufagio ndani ya uzio ni mwizi. Mwizi! Kijiko akacheka, akadhani bawabu anatania. Hujamsahau Kijiko, mwenzangu mkubwa, anayechokoa punje kwenye nyufa za saruji kwa kile kijiko chake cha bati. Ndiye aliyekulisha uji kwa kijiko hichohicho ulipougua surua, mimi nikiwa ghalani. Akamuuliza bawabu, "Mwaka juzi mgombea alikuja hapahapa akaushika ufagio wangu apigwe picha. Na yeye alikuwa mwizi?" Mdogo wangu, yule bwana aliushika upande wa kufagilia. Akapigwa picha hivyohivyo, na sisi tukampigia kura hivyohivyo.

Nimeomba nakala, naiweka humu kwenye bahasha. Fundi anasema miwani yake haioni maandishi madogo. Wewe ndiye msomi wetu. Nisomee yote, kuanzia juu mpaka chini kabisa kwenye wino, uniambie hao walioweka wino ni akina nani. Halafu uwaambie neno. Wewe unakaa na wakubwa, mikutano yao unaifungua kwa sala. Kila siku ya ibada tunakusikiliza redioni, ghala zima. Ukisema wewe watasikia.

Karatasi yangu unirudishie.

Hili ni dole langu gumba. Fundi amenipaka wino wa mhuri wa magunia, hautoki siku tatu.

Dada yako


1 Machi

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema. Sisi hatujambo. Binti mkubwa amefaulu mtihani wake, ataingia chuo. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Tulikuwa na kongamano la viongozi wa dini kuhusu maadili na uchumi, nami nilikuwa mzungumzaji mkuu.

Nimeisoma karatasi yote. Kwa kifupi, nchi imepata mkataba wa kuuza mahindi nje, na wanunuzi wanadai ghala liwe safi na lisiwe na watu wasioajiriwa. Lipo pia suala la usalama, malori na vumbi. Najua ni mabadiliko magumu, lakini uamuzi haukufanywa kwa nia mbaya. Nchi ikipata, wote tutapata. Nakusihi uwe na subira, na uwatulize wenzako, kwa kuwa wanakusikiliza.

Wewe binafsi usiwe na wasiwasi. Nimekutumia gunia moja kwa lori la ghala, na mengine yatafuata. Pumzisha goti. Umefanya kazi ya kutosha, uweke ufagio chini sasa.

Msalimie fundi. Msalimie na Kijiko.

Mdogo wako,
(saini)


22 Machi

Mdogo wangu,

Wifi hajambo? Mwambie binti hongera, mwambie shangazi yake amefurahi mpaka goti limesahau kuuma. Akifika chuo asome na habari za watu, si za mashine peke yake. Huku bawabu ameoza jino, uso umevimba upande mmoja, tunamwambia amekula rushwa ya upande huo. Anacheka kwa upande uliobaki.

Gunia limefika. Lori lilisimama mlangoni kwangu, mtaa mzima ukatoka, dereva akaniita "mheshimiwa". Mimi! Tumelisimamisha katikati ya chumba, limekaa kama mgeni aliyekataa kuvua viatu. Limeshonwa kwa uzi wa bluu. Fundi alivyouona ule uzi akaugusa, akanyamaza. Fundi kunyamaza ni habari ya kutangazwa redioni. Nikamuuliza, vipi? Akasema, "Huu mshono ni mkono wangu." Anasema magunia yote hushona kwa uzi mweupe, isipokuwa saba kila mwezi, ya wajumbe wa bodi ya ghala. Hayo ni ya bluu, ili wapakiaji wasikosee. Sasa hivi kalamu imesimama, ananiuliza kama kweli aandike hili. Andika, fundi. Nimesimulia habari za uzi tu, sijamsema mtu.

Sijalifungua.

Na hapo nazunguka tu, mdogo wangu, naogopa kufika. Kijiko amekamatwa. Leo siku ya nne. Hakuingia na ufagio. Alisema karatasi imekataza ufagio, haikukataza kijiko. Wakamkuta amepiga magoti kwenye ufa wake wa siku zote, pindoni mwa nguo ana konzi mbili. Konzi za mikono yake, na mikono yake unaijua, kama ya mtoto. Kituoni wakamuuliza, "Ndugu zako ni nani?" Hana mume, hana mtoto. Akakutaja wewe. Akasema, "Yule wa redioni nimemlea mimi." Askari wakacheka, ila mmoja wao akaandika, akasema watakupigia. Je, walikupigia?

Analala kwenye saruji. Kifua chake unakijua, vumbi la miaka hamsini limo humo. Sitaki uje na hotuba. Sema tu, "Namjua." Ukisema hivyo wewe, watafungua mlango.

Redioni umehubiri subira. Sauti yako nzuri, imekuwa ya baba kabisa. Wanawake walisikiliza mpaka mwisho, na hakuna aliyenitazama usoni. Mimi kitabu sikijui, lakini niulize kijinga: hiyo subira nao wanahubiriwa, au ni yetu sisi? Maana sijawahi kumsikia mhubiri akimwambia mwenye ghala asubiri. Na mahindi yaliyovuka mstari, mimi sikuwahi kuona naokota. Niliona nagawiwa. Gunia likipasuka nilikuwa nasema Mungu ametukumbuka leo. Sasa wanatuambia hata kukumbukwa na Mungu kuna mwenyewe.

Karatasi yangu hukuirudisha.

Dole langu hili hapa.

Dada yako


19 Aprili

Dada mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Nilikuwa safarini, barua yako nimeikuta ikinisubiri.

Nimesikitika sana kusikia habari za Kijiko. Hata hivyo, jambo likishafika kwenye vyombo vya sheria, si vizuri mtu wa ibada kuliingilia. Kesho kila mtu atataka aombewe yeye. Tumemkumbuka katika sala ya familia. Naamini kwamba kufikia sasa atakuwa ameachiwa.

Kuhusu uzi, dada, magunia hupita mikono mingi. Nisingependa tuandikiane mambo ya namna hiyo kupitia mikono ya mtu wa tatu.

Ile karatasi sikumbuki nimeiweka wapi. Nitaitafuta.

Mdogo wako,
(saini)


9 Mei

Mdogo wangu,

Wifi hajambo? Mabinti hawajambo? Huku hatujambo, ila tumebaki kumi.

Mtu wa tatu ndiye huyuhuyu anaandika. Nimemwambia kama anaona vibaya aondoke, nitafute mwingine. Akaniambia, "Bibi wewe, sema." Basi nasema.

Kijiko walimwachia siku ya tisa. Hakuna aliyemtetea, walihitaji nafasi tu, waliletwa wengine. Alirudi kwa miguu, na kifua kinapiga mluzi. Nilimkuta amekaa kizingitini kwangu hajabisha hodi. Neno lake la kwanza, mdogo wangu, hata maji hajaomba: "Mtoto alipiga simu?" Mtoto ndiye wewe, na mvi zako hizo. Nikamwambia, "Alipiga." Mungu anione, nilidanganya nikiwa nimesimama wima. Akasema, "Nilijua." Akalala. Wiki tano hakuinuka tena vizuri, na tarehe mbili mwezi huu akatutoka, mchana kweupe, fundi akiwa anamwinua anywe maji. Tumemzika nyuma ya kilima, pale udongo ulipo mwekundu.

Kwenye msiba watu lazima wale. Ndipo tukalifungua gunia lako. Fundi aliukata mshono wake mwenyewe. Tukakaa chini wanawake kumi na nyungo zetu, tukapepeta, tukachambua. Mdogo wangu, hakuna jiwe. Ungo wa kwanza hakuna, wa pili hakuna. Tulikuwa tumejipanga kulia tukichambua, ndivyo tunavyolia sisi, mikono ina kazi. Mikono ikakosa kazi. Basi tukabaki tunatazamana, na yule mwenzetu mbishi, ambaye sijawahi kuona chozi lake, ndiye akaanza.

Sasa nikwambie jambo nililokuficha tangu Februari.

Mimi sijui herufi hata moja. Lakini ulipokuwa darasa la nne ulijifunza kuweka saini, ukawa unaichora kwa mkaa kila mahali, kwenye magunia, kwenye mlango, kwenye ukuta wa chumba cha nyuma. Nikakuchapa, nikasema unanichafulia nyumba. Ile ya ukutani ipo mpaka leo, mvua inailamba kidogokidogo. Inaanza na kitanzi, halafu inapanda, halafu inamalizika na mkia wa jogoo. Kila barua uliyoniandikia miaka yote hii ina huo mkia chini. Barua ziko kwenye kopo la biskuti. Zikifika, kabla fundi hajasoma, mimi huangalia mkia kwanza, nijue ni wewe. Naijua hiyo saini kama ninavyoujua mwendo wako ukija kwa mbali.

Kwenye ile karatasi ya getini saini zilikuwa saba. Yako ni ya nne.

Niliiona siku ileile, nimesimama kati ya wenzangu, bawabu anakohoa. Nikaomba nakala, nikaikunja. Nikamwambia fundi tuiweke kwenye bahasha, ili wewe unisomee mpaka chini kabisa. Nilitaka uniambie kwa mdomo wako. Ungeniambia tu, "Dada, na mimi nimo," ningekasirika mwezi mmoja, nisingevuka hapo. Na fundi naye alikuwa ameisoma. Miwani yake haina shida yoyote, anatunga uzi kwenye sindano kwa mwanga wa dirisha. Kwa hiyo tulikuwa watu watatu tunafichana kitu ambacho wote watatu tunakijua, kwa heshima. Heshima hiyo Kijiko hakuwa na habari nayo. Yeye alikuamini tu.

Sikuombi utoke kwenye hiyo bodi. Sijui bodi ni nini, huenda ni kiti tu. Nakuomba kitu kimoja. Siku ya ibada, redioni, mtaje. Sema palikuwa na mwanamke mwenye kijiko, kwamba alikuwepo, na kwamba hakuwa mwizi. Basi. Tutakuwa tunasikiliza.

Dole langu.

Dada yako


30 Juni

Dada,

Wote wazima.

Barua yako nimekaa nayo wiki nyingi. Nimeandika majibu matatu nikayachana. Yalikuwa mazuri mno.

Nilisaini. Usidhani sikusoma, nilisoma. Kikao kilianza kwa sala na sala niliiongoza mimi, na nadhani sala ilichukua muda mrefu kuliko ule uamuzi. Karatasi haikusema wanawake. Ilisema "waokotaji holela". Nikajiambia hao ni watu wengine. Kalamu iliponifikia niliuona mstari mwekundu mbele ya macho yangu, na yale mawe yangu, na nikasaini.

Kituoni walinipigia. Nilikuwa mezani na wageni. Askari akauliza, "Unamfahamu mama mmoja anaitwa Kijiko?" Wageni walikuwa wananitazama. Nikasema, "Niko kikaoni, nitapiga baadaye." Sikupiga. Asante kwa uongo uliomwambia. Sijui kama naruhusiwa kukushukuru kwa hilo.

Ile siku ya ibada nilikuwa nimeliandika jina lake kwenye karatasi yangu ya mahubiri. Waziri alikuwa amekaa safu ya mbele. Nilifika kwenye jina, nikageuza ukurasa, nikahubiri shukrani. Mlisikia wenyewe.

Karatasi yako nairudisha. Haikupotea. Ilikuwa mfukoni mwa joho langu.


21 Julai

Mdogo wangu,

Hujambo? Wifi hajambo, mabinti hawajambo? Huku mvua imekata, sufuria nimeirudisha jikoni. Bawabu aling'oa jino. Fundi amenunua miwani mpya, nzuri, anasema sasa haoni kisingizio.

Tulikusikia. Tulikuwa tumekaa nje ya uzio, redio juu ya ndoo, wanawake kumi. Ulifika mahali ukanyamaza. Mwenzetu mbishi akasema, "Anameza mate." Mimi nikasema, "Ngojeni." Halafu ukasema shukrani. Fundi akazima redio, ingawa haikuwa yake, na mwenye redio hakumgombeza.

Barua yako nimeipokea, na karatasi nimeipokea. Kama kawaida nikaangalia chini kwanza. Hakuna mkia. Nikamwambia fundi ageuze, labda umeweka nyuma. Akageuza. Akageuza tena. Akanisomea yote, na aliponimalizia nikamwomba aanze upya, maana mara ya kwanza nilikuwa bado naitafuta saini badala ya kusikiliza. Nimeisikia sasa. Uliyosema umeyasema kweli, na hilo nalipokea. Lakini umeweka mkono wako kwenye karatasi yao, na kwenye hii ya kusema kweli hukuuweka. Nimeitia kwenye kopo pamoja na zingine. Imelala juu, haifanani nazo.

Gunia la pili la uzi wa bluu lilikuja. Nimemwambia dereva alirudishe. Akaniuliza aseme nini. Nikamwambia aseme mheshimiwa amekataa.

Sasa sikiliza. Kijiko aliniachia kile kijiko. Kimelika upande mmoja kwa kusugua saruji, kimekuwa kama kucha. Tumekubaliana sisi kumi, kesho lori la asubuhi likifika tutaingia kama zamani, na fagio zetu, tusimame nje ya mstari. Mimi goti halinipi kuinama na ufagio, kwa hiyo nitakaa chini kwenye ule ufa wake. Sina hasira. Nina mahali pa kukaa tu. Na huyu anayeandika anasema na yeye anakuja, ataacha sindano. Nimemwambia wewe umeajiriwa, utamwaga unga. Ananiambia niendelee kusema, kalamu inakauka.

Tutakamatwa, hilo tunalijua. Na pale kituoni wana lile swali lao, "Ndugu yako ni nani?" Kijiko alijibu haraka haraka, hakufikiria mara mbili. Mimi nimefikiria tangu barua yako ilipokuja, nikiwa nafua nafikiria, nikiwa natembea nafikiria, na sijapata la kuwaambia. Sitaki wakupigie ukiwa na wageni.

Kwa hiyo fundi ataandika jina langu lote kwenye karatasi tatu, moja nikiwa nayo kifuani, moja abaki nayo bawabu, na ya tatu ndiyo hii hapa chini. Kwangu na kwa bawabu, pale pa ndugu, nimemwambia aache wazi. Na hapa ameacha wazi. Ukiona inafaa, jaza mwenyewe, kwa ule mkia wa jogoo, uwapelekee kituoni kwa mkono wako.

Dole langu hili hapa. Safari hii nimelikandamiza sana, limetokea upande wa pili.

(jina lote)

Ndugu wa huyu mama: